Bibi Mkasi hakai na mtu

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu niliingia chumba cha nyuma nikakuta patani, yaani karatasi ya kukatia, ya gauni la mteja wangu wa Pasua, niliyokuwa nimeitundika msumarini karibu na kizimba cha ndege, imekatwa ubavu mzima. Haikuraruliwa, imekatwa. Vipande vyembamba, upana wa kidole cha mwisho, vyote sawasawa kana kwamba mtu alipima kwa futi kamba. Mkasi wangu ulikuwa kwenye droo, na droo imefungwa.

Mwizi sikumtafuta mbali. Lavubedi jike, kasuku mdogo mwenye mkia mfupi, alikuwa amepenyeza mdomo kwenye wavu, anatoboa ukingo wa karatasi tundu kwa tundu kama sindano ya cherehani inavyokwenda, mpaka kipande kinaachia chenyewe. Kisha anakichomeka kwenye manyoya ya kiunoni, juu ya mkia, anarudi kutoboa kingine. Alipofikisha vinne akaruka kwenda pembeni, karatasi zinampepea nyuma kama shela. Nimeshona miaka 22 na nakubali, ukataji ule haukuwa na kasoro. Binti yangu, aliyekuwa likizo, akamwita Bibi Mkasi, na dume lake likawa Pini kwa sababu kazi yake ni kumfuata tu.

Tulicheka, tukampiga picha, nikaweka ile patani pembeni nije niichore upya. Siku ya pili yake jioni nikakuta damu kwenye gazeti la sakafuni.

Niseme kwanza kizimba kilivyo, maana watu wakija kupima nguo wanachungulia chumba cha nyuma na swali lao la kwanza ni ukubwa. Chumba ni futi 10 kwa 12, hapa Majengo, Moshi, dirisha limeelekea upande wa Mlima. Kizimba ni futi 8 urefu, 4 upana, 7 kimo, fremu ya mbao, wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi. Kabla ya kuugongelea wavu niliusugua wote kwa brashi na siki, nikausuuza, nikauanika juani siku tatu, kwa sababu wavu mpya huwa na chembe za zinki, na kasuku hupanda kwa mdomo. Anachopanda anakilamba, na zinki ni sumu kwake. Fundi alinitazama kama mtu anayeosha misumari.

Ndani yake walianza kokateli wawili, kasuku wa kijivu wenye kishungi na mashavu ya rangi ya chungwa. Wakafuata baji wanne, wale kasuku wadogo wa kijani na bluu ambao kila anayeuza ndege anao. Halafu finchi wa milia wanne, mdomo mwekundu, sauti kama kitoto cha bata cha plastiki kikibonyezwa. Halafu tetere wawili wadogo wa kijivu wenye vidoa vyeupe bawani na jicho lililozungushiwa wekundu. Wote hao asili yao ni Australia, na kwa akili yangu ya wakati huo nilidhani kutoka nchi moja ni sawa na kuwa ndugu. Mbona na sisi tumetoka nchi moja na bado kuna ukoo hauozi kwa ukoo mwingine.

Lavubedi walikuja mwisho. Mteja alikuwa anahama, akaniletea na tundu lao na mfuko wa mtama. Ni wale wa uso wa waridi, ambao asili yao ni Namibia na Angola, wawili hawa wakiwa wamezaliwa kizimbani. Nataja hilo kwa sababu wako lavubedi wengine ambao ni wa hapahapa kwetu. Yuko wa Fischer, aliyepewa jina la mpelelezi Mjerumani, anayeishi Serengeti na kusini ya Ziwa Victoria, na yuko wa shingo ya njano ambaye ukienda Tarangire utamwona bila kumtafuta. Hao ni wanyamapori. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, kwa hiyo kijana akikupitia mlangoni na boksi la viatu lililotobolewa matundu, usiulize bei.

Nirudi kwenye damu. Finchi mmoja alikuwa chini, mguu wa kushoto unaning'inia kwa ngozi. Juu yake, pembeni, Bibi Mkasi alikuwa kwenye kikapu ambacho finchi hao walikitumia kulala, amekijaza karatasi za gauni la Pasua. Nilimfunga finchi kwenye kitambaa cha bitana, nikanyunyiza wanga wa mahindi damu ikakata, nikachukua bodaboda kwa daktari wa mifugo. Ni mtu wa ng'ombe na kuku, na mgonjwa wa gramu 12 alikuwa hajawahi kumshika. Alivaa miwani, akamtazama muda mrefu, akasema, "Mama, mguu huu nautoa. Lakini ndege wako ataishi, hawa wanajua kusimama kwa mmoja." Akautoa. Finchi yu hai mpaka leo, anasimama kwa mguu mmoja na kuegemea ukuta kama mzee anayesubiri daladala.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa mawili ndani ya moja. La kwanza, niliwaingiza lavubedi baada ya siku 9 tu tangu wafike. La pili ndilo kubwa. Nilitazama uzito nikaacha kutazama mdomo. Lavubedi wa uso wa waridi ana gramu hamsini na kitu, baji ana thelathini na kitu, kokateli anakaribia 90. Kwa mizani, kokateli ndiye bwana mkubwa. Lakini lavubedi ana mdomo uliotengenezwa kutoboa, mkubwa kuliko mwili wake unavyostahili, na hapigi bawa wala hapigi kelele kwanza. Analenga vidole. Ndege akishika wavu au kijiti, vidole ndivyo vinavyobaki wazi.

Na walioitunga ile ya fahali wawili hawakai zizi moja hawakufuga ndege hawa, kwa sababu huku wenye fujo ni majike. Pini hajawahi kumgusa mtu. Bibi Mkasi akipata karatasi, kikapu au hata kopo tupu, tayari ana nyumba, na mwenye nyumba anahesabu kila anayepita kuwa mwizi. Zile karatasi kiunoni nilizozipiga picha zilikuwa ndiyo dalili yenyewe. Mtu anayejua angewatoa dakika ileile.

Niliwahamishia kwenye tundu lao. Halafu, kwa sababu nilikuwa naona huruma, nikaliegemeza tundu lile kwenye kizimba ili "wasijihisi wametengwa". Haikupita wiki baji mmoja wa bluu akapoteza ncha ya kidole kupitia wavu. Kwa hiyo sasa tundu la lavubedi liko upande wa pili kabisa wa chumba. Ukilazimika kuwaweka ubavu kwa ubavu, weka wavu mara mbili na kati yake nafasi ya vidole vinne.

Mama mkwe wangu, aliyeteremka kutoka Kibosho kuja kunisalimia, alisikiliza kisa chote akasema, "Mwanangu, hata mimi na wifi yako tuligawana jiko." Nikamwambia, "Ndiyo, Mama." Akaongeza kwamba kuku wake hawana shida hizi. Kuku wake wanapigana kutwa, ila yeye anaita kuzoeana.

Basi wakabaki kumi na wawili wa Australia, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa ninachofuga. Nilikuwa nangoja vita mchana, lakini mchana kulikuwa na amani. Vita vilikuwa saa kumi na mbili na robo jioni, kila siku, ungeweza kurekebisha saa yako. Huku kwetu jua halina visa vya majira, linazama karibu muda uleule mwaka mzima, na likianza kushuka kila ndege anataka kijiti cha juu kabisa. Mimi nilikuwa nimeweka kijiti kimoja cha juu. Baji wanne walikuwa wanamvuta kokateli kishungi, wanamkanyaga mgongoni, mpaka anateremka. Yeye, mwenye uzito mara mbili na nusu yao, hakuwahi kulipiza. Kokateli ni mpole mpaka unamwonea hasira. Alikuwa analala kwenye ukingo wa chombo cha maji.

Nilipanda kwa jirani mwenye mpera, nikakata matawi matano, nikayafunga yote kwa kimo kimoja, kila moja likiwa peke yake bila kugusana na jingine. Siku tatu za kugombana kwa mazoea, halafu kimya. Baji wote wanne wanabanana kwenye tawi moja lililo karibu na dirisha, kokateli wana lao, na matawi matatu hayana mtu. Hayo matupu siyaondoi. Nilijaribu kuondoa moja, kelele zikarudi jioni ileile.

Ulipo ugomvi wa finchi ni kwingine. Finchi hahitaji kijiti cha juu, anahitaji kikapu, na akikipata hana kazi nyingine maishani ila kutaga. Nilianza na vikapu viwili kwa jozi mbili, wakagombea kimoja. Nikaweka vinne, wakajenga kwenye vyote, na jozi moja ikajenga kiota juu ya mayai yake yenyewe, ikataga tena juu, ikajenga tena, kama kitanda chenye magodoro. Ukiwaachia nyuzi na nyasi bila kikomo ndivyo wanavyofanya. Nikaondoa vikapu vyote. Wakataga kwenye chombo cha ulezi. Nikabadilisha vyombo vikawa vya kina kifupi, na hapo ndipo walipopumzika, nami pia. Baji bila kisanduku chenye tundu kwa kawaida hawana habari ya kutaga, kwa hiyo hao sikuwawekea tangu mwanzo. Mtu anayetaka vifaranga awatenge jozi yake kwenye tundu lao. Kwenye kizimba cha mchanganyiko, kiota kimoja kinaamsha kesi za watu wote.

Ulezi naununua soko la Mbuyuni, pamoja na uwele na mtama mwekundu. Mama mkwe aliona nimemimina ulezi kwenye vyombo vya ndege akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama najua debe la ulezi linatoa pombe ya mbege kiasi gani. Najua. Lakini jambo la kuangalia kwenye chakula ni makapi. Kasuku na finchi wanabambua kila punje na kuacha ganda lake palepale, kwa hiyo ifikapo mchana chombo kinaonekana kimejaa mpaka ukingoni na ndani hamna kitu. Wapo ndege waliokufa njaa mbele ya chombo "kilichojaa". Mimi nachukua ungo mdogo, napepeta dirishani kila mchana. Chiriku wa mtaani na shomoro wamekwishajua saa, wanakuja kuokota chini ya dirisha na kupiga soga zao, na dirisha lina wavu wake ili soga zibaki nje, kwani shomoro haji na ulimi peke yake, anakuja na viroboto na kinyesi chake.

Alizeti ni ya kokateli, na ni kiasi. Baji akiigundua anaacha vingine vyote na kunenepa mpaka anaruka kama amebeba mzigo. Kwa hiyo alizeti naitoa kwa mkono asubuhi, kokateli wanakuja kuchukua. Upande wa finchi nilifanya kinyume. Nilichukua tundu dogo la zamani, nikapanua nafasi kati ya nyaya mbili tu, kiasi cha finchi kupita na baji kukwama kifuani, nikaweka ndani yake yai la kuchemsha lililopondwa na ulezi uliooteshwa. Baji wanakaa nje wanatazama kama watoto kwenye dirisha la hoteli.

Parachichi hapana. Naandika mstari wake peke yake kwa sababu huku kwetu mti wa parachichi uko kila kihamba, na mtu akija kukutembelea anakuja na mfuko. Mama mkwe aliingia na vipande mkononi, anataka kuwapa "hao wageni wako", na ni mara ya kwanza na ya mwisho nimemshika mama mkwe mkono. Parachichi lina sumu inayoua ndege, moyo ndio unaoshindwa, na haichukui siku nyingi. Alikasirika mpaka tulipokula lile parachichi sisi wenyewe, na chumvi. Ndege wanapewa mchicha na karoti iliyoparuzwa, mnafu siwapi.

Tetere hawakunipa shida ya ugomvi hata siku moja. Wanaishi chini, wanameza punje nzima bila kubambua, wanakunywa maji kwa kufyonza bila kuinua kichwa. Finchi nao wanafyonza hivyohivyo, jambo lililonishangaza zaidi ya kila kitu kingine kizimbani, kwani kuku wote niliowajua maishani wanainua kichwa kumshukuru Mungu. Shida ya kukaa chini ni kwamba juu kuna watu kumi. Vyombo vya tetere viko chini ya kibao, wasinyeshewe, na hakuna tawi juu ya maji yao.

Aliyemuumiza tetere ni mimi na kazi yangu. Uzi. Mnajua nyumba ya fundi cherehani, nyuzi ziko kwenye soksi, kwenye chai. Nilimwona tetere mmoja anachechemea, nikadhani amejikwaa, kesho yake kidole kimevimba na kuwa cheusi. Uzi wa poliesta ulikuwa umejizungusha chini ya ukucha, mwembamba, rangi ya mguu wake. Niliukata kwa kijikasi cha kutolea tundu za vifungo, kwa kioo cha kukuzia, mikono inatetemeka kuliko siku niliyokata shela ya kwanza ya mteja. Kidole kilipona, kimepinda. Tangu hapo naingia chumba cha ndege na dera moja lililotundikwa mlangoni, ambalo halijawahi kukaa karibu na cherehani.

Hewa je? Kokateli anatoa unga mweupe kwenye manyoya, mwingi, unaupangusa asubuhi kwenye meza na jioni upo tena. Mume wangu ana pumu. Hatufagii kukavu, tunalowesha kwanza kwa maji, tunapangusa kwa tambara bichi, na wakati huo yeye yuko nje anasoma gazeti lake. Kikaango cha kisasa, kile kisichogandisha, nilimpa dada yangu, kwa sababu kikiunguzwa kikiwa kitupu kinatoa moshi usioonekana unaoweza kuua ndege wa nyumba nzima kwa dakika chache. Jiko la mkaa linawashiwa uani. Na usiku kuna taa ndogo ya sola chumbani, kwa ajili ya kokateli tu. Umeme ukikatika ghafla au pikipiki ikimulika dirisha, kokateli hushtuka gizani, hujirusha ovyo ukutani, na akianza yeye wanaanza wote. Kabla ya taa hiyo nilikuwa naokota manyoya ya bawa asubuhi kama mtu aliyechinja.

Ndege mgeni siku hizi anafungiwa ndani kama mwari, sebuleni, siku 40. Ana vyombo vyake na tambara lake, na namhudumia wa mwisho baada ya wengine wote. Siku 9 zilinifundisha, ingawa kwa bahati haukuwa ugonjwa. Homa ya kasuku ipo, bakteria yake inakaa kwa ndege anayeonekana mzima, na inapita kwa binadamu kupitia vumbi la kinyesi kilichokauka, na homa na kikohozi chake mtu anaweza kukidhania mafua makali. Ukienda hospitali na kikohozi kisichoeleweka, mwambie daktari kwamba unafuga ndege. Hatauliza mwenyewe.

Kuna jirani ananibembeleza nichukue kware wake sita, niwaweke sakafuni na tetere. Namkwepa. Kware akishtuka haendi pembeni, anaruka wima kama kizibo cha soda, na juu kuna mbao. Nikimaliza kushona sare za shule za mwezi wa kwanza nitafikiria kitambaa laini cha kutandaza darini. Au sitafikiria.

Bibi Mkasi yuko upande wake na Pini. Nampa vipande viwili vya patani ya zamani kila Jumapili, si zaidi, karatasi nyingi zinamtia hamu ya kutaga. Anavitoboa palepale mbele yangu, anavichomeka kiunoni, anazunguka tundu mara mbili tatu, kisha anaviangusha na kuvisahau.

Ile patani ya Pasua niliichora upya usiku ule niliorudi na finchi kutoka kwa daktari, macho yamechoka. Gauni likatoka refu kwa inchi moja kuliko alivyotaka mwenyewe. Nikamwambia ndiyo mtindo wa mwaka huu.